Malisho Niliyoyaotesha kwa Mdomo

Msiniulize mwaka kwa tarakimu. Tarakimu niliziacha darasa la tatu na mpaka leo hazijanitafuta. Mwaka ule ni ule tuliokula matoro, vile viazi vya yungiyungi vinavyochimbwa matopeni. Asubuhi tuliyachemsha, mchana tuliyatwanga, jioni tuliangaliana. Mahindi yalikuwa ya msaada, ya manjano, yananuka gunia, na fukusi waliokuja nayo walikuwa wanene kuliko sisi. Kambare mmoja akivuliwa Chara, habari zake zilifika Garsen kabla yake. Wa rika langu wamekwisha kujua ni mwaka gani. Nyinyi wengine jueni tu kwamba Tana ilikonda mpaka mamba wakawa wanaona haya.

Na mwaka huohuo, banda langu la video hapa Garsen lilijaa kuliko mwaka mwingine wowote. Mtu hana unga nyumbani, lakini ana hamu ya kuona Wahindi wakikimbizana mlimani. Ndivyo binadamu alivyo. Tumbo likikataa kwenda popote, macho hufunga safari.

Nyinyi wajukuu mna sinema mfukoni. Mnaitazama mmelala chali, peke yenu, masikio mmeyaziba, kama wagonjwa. Sisi tulikuwa na banda. Makuti juu, mabati ubavuni, magunia madirishani ili jua lisichungulie, na magogo ya mkoma ya kukalia, yaliyokuwa yakiacha alama makalioni hata mtu akifika kwake mke anajua alikotoka. Nje alikaa mume wangu, Buya, na jenereta. Jenereta ile ilikuwa ikipandwa na joto kama mama mkwe aliyenyimwa chai, na dawa yake ilikuwa gunia bichi, unalivika taratibu huku unaisemesha. Ndani, kando ya televisheni, juu ya kinu kilichogeuzwa, nilikaa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri.

Ndiyo, mimi. Sinema ilikuwa ya Kihindi, au ya Kichina, au ya Kizungu cha puani, na watu mbele yangu walikuwa Wapokomo, Waorma, Wagiriama na Wasomali wawili watatu. Mimi niliwaambia wote kwa Kiswahili nini kinasemwa. Je, nilijua Kihindi? Sikukijua. Kichina? Nitakijulia wapi? Kiingereza nilijua "good morning" na nilikuwa nikiitumia hata jioni.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Shee, mtu wa Kipini, mwenye Kiswahili cha kwao kitamu cha kumwagia asali. Ndiye aliyeleta video ya kwanza niliyoiona. Nilipomuuliza anajuaje wanachosema wale watu, alicheka hadi kofia ikamwanguka.

"Mwanangu, wewe angalia nyusi," akaniambia. "Ulimi ni wa kabila, nyusi ni za wote. Na usifunge kanwa lako. Mtafsiri akinyamaa, watu wataanza kutazama picha, nawe kazi huna."

Mkitaka kujua kazi ile, hiyo ndiyo shule yake nzima, mengine niliyaokota kwa kuungua. Mwenye masharubu membamba ni mbaya. Mama mwenye sari nyeupe ni mjane, na atakohoa. Akikohoa mara mbili, mwandalie kaburi. Wimbo ukianza, kunywa maji, usitafsiri wimbo. Wimbo hauna maana hata kwa wenyewe. Na kanda ikianza kutema mchanga kwenye kioo, usiipige ngumi deki. Pamba, marashi kidogo, futa kichwa chake kama unavyomfuta mtoto puani.

Lakini kosa langu kubwa la mwanzo siwafichi. Nilimwona kijana mmoja akimfariji msichana, nikasema, "Huyu ni kaka yake." Kanda ya pili kuwekwa, kaka anamwoa! Banda zima, "Astaghfirullahi!" Wakristo nao, "Bwana asifiwe, tutoke!" Nikaruka haraka, nikasema si kaka wa tumbo, ni wa kunyonya ziwa moja. Waislamu wakasimama kabisa, maana hiyo kwao ni mbaya vilevile. Nikawageuza nikasema walibadilishwa hospitalini, kaka halisi ni yule polisi. Wakakaa. Tangu siku ile kila mwanamume nilimwita "jirani" mpaka nione anaelekea wapi. Wajukuu zangu, hata maishani fanyeni hivyo.

Sasa ugonjwa wa banda lile haukuwa macho, ulikuwa miguu. Watu walitoka pale wakitaka kusafiri. Fundi Jilo, mshonaji, aliona sinema ya treni, watu wanacheza juu ya mabehewa. Kesho yake aliacha suruali za watu hazina mguu mmoja, akaenda Mombasa kupanda treni. Alirudi baada ya mwezi, amenuna. "Nimekaa Mombasa hadi Nairobi," akasema, "hakuna hata mmoja aliyeimba." Na mwanamke mmoja wa Ndera alitaka kuviringika mlimani kama msichana wa kwenye kioo. Ndera mlima uko wapi? Akaviringika ukingo wa mto. Walimtoa matopeni watu wanne, na bado alikuwa anatabasamu.

Mimi nilicheka. Sikujua kicheko kile kina mkia mrefu.

Mkia wenyewe ulikuwa Mzee Barisa. Huyu alikuwa Muorma, mwenye ng'ombe wengi, mrefu, mkavu, mwenye fimbo iliyokuwa ikitangulia mlangoni kabla yake. Alikuja mara moja kumtafuta mwanawe, akakuta kioo kina sinema fulani ya wapendanao. Wimbo ulikuwa unachezwa kwenye mlima wa majani mabichi, mabichi ya kuumiza macho, na nyuma ya wachezaji, ng'ombe. Wanene! Wana kengele shingoni kama misalaba ya makasisi wa Kiethiopia. Barisa akakaa.

Tangu siku hiyo hakukosa. Kila nilipoiweka kanda ile, yeye gogo la mbele. Lakini alikuwa mcha Mungu. Wachezaji walipoanza kutikisa viuno, aligeuza uso ukutani akamwambia jirani yake, "Ng'ombe ikirudi, gonga mimi." Walimgonga wimbo mzima. Kiuno, ukuta. Ng'ombe, kioo. Shingo yake ilipata mazoezi.

Alasiri moja, katikati ya wimbo, akaniuliza kwa sauti:

"Mama Komora, hii majani iko wapi?"

Komora ni mwanangu wa kwanza, baba wa hawa wajukuu ninaojivunia mbele za watu na kuwagombeza nyumbani. Mimi sikujua majani yako wapi. Lakini mtafsiri hanyamai. Na wiki ile shemeji yangu alikuwa ametuletea kabichi kutoka Taita. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Yako nyuma ya milima ya Taita, mzee."

"Siku ngapi kwa miguu?"

"Saba," nikasema. "Ukiwa na ng'ombe, tisa."

Mnaona? Uongo ukiupa hesabu, unasimama kwa miguu yake. Nikaendelea na sinema, nikasahau.

Miezi ikapita, mvua haikuja, matoro nayo yakaanza kuadimika. Siku ya Jumanne Buya akatoka sokoni, hana kawaida ya kukimbia, anakimbia.

"Mama Komora! Barisa anahama Alhamisi. Ng'ombe wote, watoto wote."

"Anaenda wapi?"

"Kwenye majani yako."

Niliangusha mwiko.

Sikilizeni niwaeleze, maana hapa ndipo penye roho ya kisa. Waorma hawahamishi ng'ombe kwa kusikia tu. Si wajinga. Kwanza hutumwa mtu wa kuaminika, aende, aone majani kwa macho yake mwenyewe, arudi aseme, "Nimeyaona." Bila hivyo ng'ombe hasogei. Ni desturi nzuri, imeokoa mifugo mingi. Lakini safari hii Barisa hakutuma mtu. Atume wa nini? Majani alikuwa ameyaona yeye mwenyewe, kwa macho yake, mara ishirini, amekaa gogo la mbele. Aliwaambia wazee wenzake, "Mimi nimeona," na hakuna aliyebisha, kwa sababu Barisa hajawahi kusema uongo. Mwongo alikuwa mimi.

Na kati yetu na Taita ni nyika tupu. Simba, tembo, miiba, na ukishaacha maji ya Sabaki mgongoni hupati tone. Wakati ule wenzake wengine walikuwa wanateremka deltani, Chara na upande wa baharini, kwenye majani ya kila mwaka, machache lakini yapo. Barisa angekwenda kinyume, na wale ng'ombe waliokwisha konda. Na watoto wake nyuma yao.

Nilifunga leso kiunoni nikaenda bomani kwake. Wake zake walikuwa wanaanza kushusha mikeka ya nyumba. Nikamwambia bila salamu ndefu:

"Mzee Barisa, majani yale hayapo Taita. Nilidanganya."

Akaniangalia. "Mimi nimeona."

"Uliyaona, lakini si Taita. Sijui ni wapi. Sikijui Kihindi. Sijawahi kukijua."

"Wewe miaka yote unasema Kihindi."

"Nilikuwa nasema nyusi!"

Akatikisa kichwa, akatabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyemkamata rafiki akiiba.

"Mama Komora. Sasa jua limekuwa kali, ndiyo unasema majani haiko. Nyinyi Wapokomo nataka kuficha majani."

"Tuyafiche ya nini? Sisi hatuna ng'ombe! Tutayala?"

"Mwaka huu nyinyi nakula yungiyungi," akasema. "Majani iko shida gani?"

Wake zake wakacheka hadi mkeka ukawaponyoka. Mimi nikaona moto. Nikaapa kwa Biblia, akasema Biblia ni yangu, nikamwapie mtu mwingine. Nikalia, akasema hata yule mama wa sari nyeupe wa kanda ile nilimlia vizuri hivyohivyo. Kadiri nilivyokiri, ndivyo alivyoamini. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa hodari wa kazi yako: siku ukisema kweli, watu wanakupigia makofi.

Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya kinu. Nikamwambia Buya, "Kesho alasiri washa jenereta. Naenda kuliua banda letu."

Buya alilowesha gunia.

Barisa alikuja na wazee watatu, kwa heshima, kuaga majani kabla ya kuyafuata. Banda likajaa, mpaka fundi Jilo alikuwapo. Nikaweka kanda ileile. Nikasimama, nikawaambia, "Leo nawaonyesha jikoni."

Nikaanza. Kijana anazungumza na mzee mwenye fimbo. "Anasema, baba, nataka kumwoa Meena." Wakaitikia, wanaijua. Nikarudisha kanda nyuma. Kijana yuleyule, mdomo uleule. "Anasema, daktari, mguu wangu unaniuma." Wakatazamana. Nikarudisha tena. "Anasema, mwalimu, mbuzi amekula daftari." Mdomo uliingia sawasawa kabisa! Mtu mmoja nyuma akasema, "Aaah!" kama aliyechomwa mwiba.

Nikaenda kwa yule mama mjane kitandani, pale ambapo Garsen nzima ilikuwa imelia machozi. "Mara ya kwanza niliwaambia anakufa, anawasamehe wote," nikasema. "Sasa sikilizeni. Anasema, nimeshiba, zimeni taa nilale."

Hapo ndipo Barisa aliposimama. Majani hayakumshtua, mama ndiye aliyemshtua.

"Yeye hakufa?"

"Sijui, mzee."

"Mimi nililia siku mbili!"

"Najua. Nisamehe."

"Mimi nilichinja mbuzi!"

Hilo sikulijua. Kumbe alikuwa amemsomea dua mama wa kwenye kioo. Banda likavuma kwa kicheko, na wengine walinizomea, na Jilo akapiga kelele, "Na treni je? Treni walikuwa wanasema nini?" Mimi nikasema, "Sijui! Sijui hata kimoja! Sasa mzee, kaa, utazame majani yako, na mimi nitafunga mdomo."

Nikaupeleka mkanda kwenye wimbo, nikapunguza sauti mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nikanyamaza.

Mzee Shee alisema kweli. Mtafsiri akinyamaa, watu hutazama picha. Barisa aliinama mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo. Viuno vilipita, hakugeuka. Safari hii alikuwa haoni viuno. Alitazama ng'ombe tu.

Kisha akagonga kioo kwa kucha.

"Mkia," akasema.

Wazee wenzake wakasogea.

"Mkia ya hii ng'ombe haipigi. Angalia. Moja, mbili, hii yote. Mkia imelala tu." Akanigeukia. "Hapa hakuna inzi."

Wakaangalia wote. Ni kweli. Ng'ombe wale wamesimama kwenye jua, na mikia imening'inia kama kamba za kisima. Miaka yote sikuona. Nani atatazama mkia wa ng'ombe wakati msichana anaviringika?

Wazee wakaongea Kiorma kwa haraka. Mimi, mtafsiri, nikatazama nyusi, na kwa mara ya kwanza nyusi zilinipa kweli tupu: walikuwa wameogopa. Barisa akasema polepole, ili nasi tusikie:

"Dunia ya miguu, mpaka mtu na ng'ombe wanaweza kufika, iko inzi. Taita iko inzi. Hii pahali ni mbali sana. Hii si pahali ya kutembea." Akakaa kwenye gogo, ghafla akawa mzee kuliko alivyoingia. "Na mimi nilikuwa tayari kupeleka watoto."

Buya alizima jenereta bila kuambiwa.

Alhamisi ile ng'ombe wa Barisa waliteremka deltani na wenzao. Wengine walikufa, siwadanganyi, mwaka ulikuwa mwaka. Lakini wengi walipona, na watoto wote walirudi, wamekauka na wanacheka.

Mimi nilijua banda limekwisha. Nani atalipenda banda la mwongo aliyejitangaza? Ijumaa nikaweka sinema, nikakaa kwenye kinu, mdomo nimeufunga. Walijaa tele. Dakika tano, wakaanza kunong'ona. Dakika kumi, mtu akaita:

"Mama Komora, sema!"

"Niseme nini? Si niliwaambia nasema uongo?"

"Ndiyo. Sema huohuo!"

Nikasema. Nimesema miaka mingine mingi, kanda zikaondoka, zikaja sidii, kisha vile vijiti vya kuchomeka, kisha mkaja nyinyi na simu zenu, banda likawa stoo ya mbegu za mpunga. Lakini tangu siku ile niliongeza sheria moja: nikiulizwa ni wapi, nilijibu, "Mbali. Hakuna inzi." Na Garsen nzima ikaelewa.

Mvua zilipokuja, Barisa alirudi na kibuyu cha maziwa, akaniletea mpaka mlangoni. Nikamshukuru. Hakuondoka. Alikaa na fimbo yake, akatazama barabara ya Malindi kwa muda mrefu.

"Mama Komora. Ile pahali bila inzi. Mimi nataka kuona."

"Mzee!"

"Bila ng'ombe. Mimi peke yangu. Nitauza dume moja, nitapanda ndege. Wewe twende na mimi."

"Mimi nikafanye nini?"

"Utatafsiri."

Nilicheka nikamwaga maziwa. "Mzee Barisa, ulikuwapo! Uliona! Sijui lugha yao hata neno moja!"

"Mimi najua wewe hujui," akasema, hana hata chembe ya mzaha. "Lakini wewe ukisema, mimi nasikia vizuri."

Wajukuu zangu, nimesifiwa kanisani, nimesifiwa na chifu, lakini sijasifiwa hivyo tena. Na hamu niliipata, msidhani sikuipata. Nilizitazama hizi nyayo zilizopasuka, nikaziona zimesimama kwenye majani yale, baridi inanipanda magotini, ng'ombe wa kengele ananinusa leso. Moyo ulitoka mbio mpaka nikaushika. Kisha nikafikiria kurudi kwangu, niko juu ya kinu, watu wananitazama, nami najua kabisa mlima unaitwaje.

"Siendi," nikamwambia. "Nikipaona, nitashindwa kupasimulia."

Barisa akaondoka peke yake. Alifika Malindi, akakuta inzi kwenye samaki, akaona bado ni mbali mno, akarudi. Jumamosi alikuwa tena mlangoni kwangu, safari hii amempanga Buya upande wake. Buya mwenyewe, mume wangu wa ndoa, ananisukuma: nenda, mama, nguo nitafua, jenereta nitaibembeleza, utapanda ndege, utakula kwenye kisahani. Barisa naye anasema madume sasa ni mawili. Wote wawili wanangoja kinywa changu, kama banda zima linavyongoja mama wa sari nyeupe akohoe.

"Siendi. Nikipaona, nitashindwa kupasimulia."